Mdomo wa Bibi Nambeye

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa hapa mtaani, mwenye duka lake karibu na mpaka, aliniletea zawadi. Alikuwa amesikia kwamba ujana wangu uliishia kwenye tumbaku, akaona anifurahishe. Akatoa mfukoni sigaa nene kama kidole gumba, imevishwa pete ya karatasi yenye rangi ya dhahabu, akaiwasha mwenyewe kwanza ili nione inavyovutwa. Aliichomeka kwenye moto mpaka ikaungua upande mmoja, akauvuta moshi hadi kifuani, akakohoa machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akaniambia, "Bibi, hii wanavuta matajiri tu." Nilipomwambia aizime, aliiangusha chini akaisaga kwa kiatu kama mtu anayeua nge.

Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijanitoka. Si kwa sababu yake yeye, yule ni mtoto. Nakasirika kwa sababu ninyi vijana mmeiona sigaa kwenye picha, mkaona mtu mnene amejinyoosha kwenye kiti, mkadhani hiyo ndiyo habari yote. Hamjui nani aliionja kabla yake. Mimi najua. Basi tulieni niwaambie, na mwenye haraka aende zake.

Naitwa Tusekile. Nilizaliwa Mbebe, kule milimani Ileje, nikaolewa mapema na mwanamume aliyekwenda kwenye migodi ya shaba upande wa Rodesia. Aliniahidi blanketi na baiskeli. Halikuja blanketi, haikuja baiskeli, na yeye mwenyewe hakuja. Sikukaa kumlilia. Nilifunga vitu vyangu kwenye kaniki nikaenda Mbozi, kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, nikachuma kahawa kama wanawake wengine.

Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Vitu kutoka ng'ambo vilikuwa haba, na Wazungu waliozoea sigaa za meli walikuwa wakihangaika. Bwana Miwani alikuwa na akili ya biashara, hilo simnyimi. Alijua watu wa bonde la Momba, kule kwenye joto, wanalima tumbaku tangu enzi za mababu. Akawapelekea mbegu za namna aliyoitaka, akageuza ghala moja la kahawa kuwa nyumba ya kuviringishia sigaa, akatuita wanawake. Alisema wanawake wana vidole vyepesi. Nyapara wetu, Yohana, akatupanga kwenye meza ndefu iliyonuka maganda ya kahawa, na hapo ndipo nilipomkuta Bibi Nambeye.

Alikuwa Mnamwanga wa upande wa Chapwa, mjane, mrefu, mkavu, na kiko chake hakikumtoka mdomoni tangu usichana. Siku hizo bibi kizee kuvuta kiko halikuwa jambo la kushangaza. Watu wa misheni walinung'unika, lakini kwa sauti ndogo. Siku moja Bibi alimwambia Yohana kwamba tumbaku iliyoletwa asubuhi ile ilikaushwa juu ya moto wa mavi ya ng'ombe. Yohana akacheka. Walipowauliza walioileta, ikawa ndivyo. Bwana Miwani akasikia, akamtoa Bibi kwenye kuchambua majani akamfanya mwonjaji. Tangu hapo kila fungu la sigaa lilipokuwa tayari, Bibi Nambeye alichukua moja, akaivuta, akasema zipite au zisipite. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye na sikuwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo nikaambiwa nijifunze kwake.

Mwalimu yule hakuwa na huruma. Siku ya kwanza nilifanya kama kijana wa Jumapili, niliumeza moshi. Ghala lilizunguka, nikatapika juu ya magunia safi, na Yohana akanituma niyafue mtoni mpaka mikono ikachubuka. Bibi Nambeye alinisubiri nirudi, ndipo akaniambia, "Moshi ni mgeni. Mgeni anakaa barazani. Wewe umempeleka chumbani." Baraza ni mdomo, chumba ni kifua. Unaujaza mdomo, unaugeuza moshi taratibu juu ya ulimi, unauacha utoke, na kidogo unaupitishia puani ili pua nayo ipate lake. Kifuani hauna kazi.

Kosa langu la pili lilikuwa koroboi. Niliona uvivu kutafuta moto, nikawashia sigaa kwenye koroboi ya Yohana. Bibi alinusa tu kutoka alipokaa. "Unataka kuonja tumbaku au mafuta ya taa?" Akanifundisha kuchana kijiti kikavu cha mti, nikiwashe, nisubiri ukali wa kwanza wa moto upungue, kisha niishike sigaa juu ya moto bila kugusana, nikiizungusha, kama unavyobabua hindi. Mguu wa sigaa, yaani upande unaowashwa, unatakiwa uive pande zote kabla hujaweka kichwa chake mdomoni. Mkiona mtu anauchomeka motoni na kuvuta kwa nguvu, jueni hana atakachoonja ila mkaa.

Na la tatu, samaki wa Rukwa. Niliwapenda mno wale samaki wakavu, nikaja kazini nimeshiba. Kila sigaa niliyovuta asubuhi ile nilisema ni chachu. Bibi akaniamuru nifungue kinywa, akanusa, akarudi nyuma. Tangu siku hiyo nilikatazwa samaki, kitunguu na pilipili mpaka jioni. Tulikula uji wa ulezi usio na chumvi, na kati ya sigaa na sigaa tulitafuna kipande cha ugali baridi tukakitema, ili ulimi usahau. Wenzetu walitucheka. Walisema tunakula kama wazazi wa juzi.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, kwa maana hata hasira inahitaji maarifa. Sigaa ina sehemu tatu. Ndani kuna majani yaliyokunjwa, sisi tuliyaita utumbo. Yanashikwa na jani gumu, tuliloliita shati. Juu ni koti, jani laini lisilo na tundu, linalobandikwa kichwani kwa uji mzito wa muhogo. Kabla ya moto unatumia vidole. Unaibana polepole kutoka mguuni kwenda kichwani. Ukikuta pagumu kama fundo, moshi hautapita, mvutaji atavuta mpaka mashavu yagusane. Ukikuta panabonyea, itawaka kama nyasi na kuunguza ulimi. Ikilia kra kra karibu na sikio imekauka mno, koti litapasuka. Halafu unanusa mguu wake. Halafu unakata kichwa kidogo tu, ukikata sana koti linafumuka lote, na unavuta bila moto uone hewa inapitaje na inaleta ladha gani.

Ukishaiwasha usiikimbize. Bibi alikuwa anavuta, anaiweka, anasuka mkeka mistari kadhaa, anairudia. Ukivuta haraka inapata joto, na tumbaku yenye joto ni chungu hata ikiwa nzuri kiasi gani. Anatazama majivu. Majivu ya sigaa njema ni meupe au ya kijivu na yanashikamana, hayadondoki ovyo mapajani. Anatazama moto kama unakwenda sawa pande zote au unakimbilia upande mmoja. Mwanzo wa sigaa, katikati yake na mwisho wake havifanani, na huwezi kuhukumu kwa mwanzo. Nyingine inaanza kama kahawa iliyokaangwa, katikati inaleta kitu kama ngozi mpya, mwisho inakuwa kali kama pilipili manga. Nyingine inaanza kwa adabu na kumaliza kwa matusi. Akimaliza haisagi. Anaiweka tu, inakufa yenyewe bila kunuka. Ile isiyofaa aliivunja vipande viwili mbele ya aliyeiviringisha, hata kama ni mimi.

Miaka ya mwanzo Bwana Miwani alimsikiliza. Bibi akisema zisipite, hazikupita. Mimi kwa ujinga wangu nikaona hiyo ni heshima.

Jambo ambalo Bibi alilisimamia kuliko yote ni kungoja. Jani likikauka halijawa tumbaku bado. Linalundikwa, linafunikwa magunia, nalo linapata joto lenyewe humo ndani, ukitia mkono unautoa haraka. Linanuka mkojo wa mbuzi mpaka macho yanawasha. Unalifumua, unaligeuza la ndani liwe nje, unalundika tena. Unarudia mpaka ile harufu ya mbuzi iishe na ije nyingine, kama asali na udongo uliolowa. Anayeviringisha kabla ya hapo anamuuzia mwenzake mkojo.

Basi ukaja mwaka ambao Bibi Nambeye alianza kukataa ugali wa moto. Nilidhani ni meno. Kisha nikaona damu kwenye kichwa cha sigaa aliyoiweka chini. Nikamwambia afungue kinywa kama yeye alivyonifungulisha mimi, akakataa, nikamng'ang'ania, akafungua. Chini ya ulimi kulikuwa na kidonda chenye kingo nyeupe, kimechimbika.

"Kina muda gani hiki, Bibi?"

"Kilikuja na mavuno ya kahawa."

"Ya mwaka huu?"

Akafunga kinywa. Hakuwa mtu wa kudanganya, kwa hiyo akavuta mkeka wake akaendelea kusuka.

Nilimpeleka kwa muuguzi wa misheni. Muuguzi alitazama, akanivuta pembeni, akasema kidonda kile hakipendezi na kwamba mama huyu asiguse tumbaku tena hata kidogo. Nikamwambia Yohana, Yohana akamwambia Bwana Miwani. Bwana akaja ghalani mwenyewe. Alimwinua Bibi kidevu kwa kidole, akamgeuza kuelekea dirishani, akamchungulia kinywani kama mtu anayenunua punda. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na chumvi kwenye karatasi. "Sukutua," akasema. "Asubuhi, jioni. Itapona." Kesho yake sigaa zikaletwa mbele ya Bibi kama kawaida.

Nilimwambia aache. Nilimwambia mimi nitaonja zote na yeye atasema kwa vidole na pua. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Bwana anataka mdomo wangu," akasema. "Nyumba ile amenipa kwa ajili ya mdomo. Nikiufunga nitalala wapi, Tusekile?" Alikuwa na kibanda mwisho wa mistari ya kahawa na kishamba cha ulezi nyuma yake. Ndicho alichokuwa nacho duniani. Mwanamke mzima, mwenye kujua kitu ambacho shamba zima halikukijua, anakaa juu ya ardhi ya mtu kwa hisani ya ulimi wake. Mnaniuliza kwa nini nakunja uso mkisema sigaa ni starehe.

Mwaka huohuo Bwana Miwani alipata mnunuzi mkubwa kutoka Dar es Salaam, Mzungu mwenzake, aliyetaka masanduku mengi kabla ya Krismasi. Majani yaliyokuwepo yalikuwa bado yana mbuzi ndani. Bibi alitia mkono kwenye lundo, akanusa kiganja, akamwambia Bwana kwa sauti yake ya chini iliyokuwa imeanza kukwama, "Bado. Mpaka mvua zikatike."

"Hapana ngoja," Bwana akasema. "Mimi nataka sasa."

"Zitanuka."

"Wewe kazi yako kuvuta. Si kusema lini."

Tukaviringisha. Macho yalituwasha, vidole vilinuka mpaka watoto wa wenzangu wakakataa kubebwa. Bibi alivuta moja ya fungu lile, akaivunja. Safari hii Yohana aliokota vile vipande, akavitia mfukoni, akaendelea kujaza sanduku. Hakumtazama Bibi usoni. Yohana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na kofia moja, na vyote viwili alivipata pale shambani.

Mnunuzi alikuja na mkewe kwa gari, wakakaa barazani kwa Bwana. Sasa Bwana Miwani alikuwa na mchezo wake. Kila akipata wageni aliwasimulia habari za bibi kizee wa Kiafrika anayeonja sigaa, wageni wanafurahi, Bibi anaitwa, anavuta mbele yao, anatikisa kichwa kwamba ni njema, wanapiga makofi. Siku hiyo alitaka mchezo huo kuliko siku zote, ili mnunuzi aone na aamini. Yohana akanijia ghalani.

"Bwana anasema kama mdomo wa Bibi umeharibika, njoo wewe. Utavuta kidogo, utatikisa kichwa, basi."

"Nitikise kichwa kwamba ni njema?"

"Utikise tu."

"Sitaki, Yohana."

Akavua kofia. "Ukikataa wewe, atapelekwa yeye. Akikataa yeye, kesho kibanda chake kinaingia mtu mwingine. Nimeambiwa hivyo. Sasa niambie mimi nifanye nini."

Nikasema nitakwenda. Nilijifuta mikono, nikafunga kitambaa kichwani, na sijui ningefanya nini kule barazani, Mungu ndiye anayejua. Lakini nilipotoka ghalani nilimwona Bibi Nambeye yuko mbele yangu njiani, amevaa nguo yake ya kanisani, anapanda kwenda nyumba kubwa bila kungoja mtu. Nilimkimbilia. Hakusimama.

Hakupewa kiti. Bwana Miwani alimpa sigaa kutoka kwenye sanduku jipya, akampa na kiberiti. Bibi aliibana kutoka mguuni mpaka kichwani, akainusa, akaikata kwa ukucha, akaiwasha bila haraka, akiizungusha. Alivuta. Niliona shavu lake likiruka kwa maumivu, akaacha moshi utoke puani, akangoja, akavuta tena. Mke wa mnunuzi alikuwa anatabasamu kama mtu anayetazama tumbili akila ndizi. Sigaa ilipofika karibu na katikati, Bibi akasema kwa Kiswahili chake cha Kinamwanga, polepole ili kila neno lipite kando ya kidonda:

"Mwambieni mgeni hii ni mbichi. Itamuunguza ulimi na itanuka mkojo. Angoje mvua zikatike."

Nilimtazama Bwana Miwani. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu hadi masikioni. Nikajiambia, leo biashara imevunjika, leo mtu atalipa.

Mnunuzi alijua Kiswahili kuliko Bwana Miwani. Alichukua sigaa moja sandukuni, akaipitisha chini ya pua, akaibana, akairudisha. "Bibi anasema kweli," akasema. "Ni mbichi. Nilijua tangu mlipofungua sanduku." Kisha akamgeukia Bwana Miwani akicheka. "Haidhuru. Wateja wangu wanatazama sanduku. Weka pete nzuri, mimi nachukua zote."

Bwana Miwani naye akacheka. Wakagongeana bilauri. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, na mpaka leo kicheko kile kiko hapa kifuani, mahali ambapo Bibi alinikataza kupeleka moshi. Walijua. Wote wawili walijua. Ukweli wa mdomo ule, uliokuwa unaoza kwa ajili ya kuutafuta, ulikuwa barazani pao kitu cha kuchekesha wageni baada ya chakula. Laiti wangekasirika. Laiti wangemwita mwongo. Mtu akikuita mwongo walau amekusikia.

Yule mke akasema jambo kwa Kizungu, akatia mkono ndani ya mkoba wake akatoa kamera. Bwana Miwani akasema, "Bibi, vuta tena. Memsahibu anataka picha."

Damu ilikuwa imeshuka kwenye pembe ya mdomo wake. Bibi akainua sigaa.

Nilipanda ngazi. Niliitoa sigaa kwenye vidole vyake nikaiweka kwenye sahani ya Bwana, pembeni, ife yenyewe. Nikamshika Bibi mkono, tukaanza kushuka.

"Wewe," Bwana Miwani akasema nyuma yangu, "nani amekwambia uondoke?"

"Nimejiambia mwenyewe," nikamjibu, na sikugeuka.

Asubuhi Yohana alikuja kibandani na kofia mkononi. Hakumaliza hata sentensi, Bibi alikuwa ameshafunga chungu chake na mikeka yake. Ulezi ulikuwa bado mchanga shambani, akauacha. Wanawake wa mezani walitoka bila ruhusa wakatubebea mizigo mpaka barabarani, na pale wakaitwa warudi, wakarudi. Siwalaumu. Tulikaa juu ya mizigo tukingoja lori la kwenda Tunduma. Hasira ikatafuta pa kutokea, nikamgeukia hata yeye.

"Bibi, kwa nini ulisema? Ungetikisa kichwa tu. Ungekuwa kwako sasa hivi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Niliulizwa," akasema. "Ilikuwa mbichi."

Tulifikia Chapwa, kwa mtoto wa kaka yake. Mke wa nyumba ile, Agnesi, alitupokea bila kuuliza tutakaa mpaka lini, na kwa hilo mimi nitamwombea mpaka nife. Kidonda kilikula ulimi, kikaanza kula taya. Nilimnywesha uji mwepesi kwa kijiko, kisha kwa kitambaa, nikikichovya na kukikamua kinywani mwake kama unavyomlea mtoto wa mbuzi aliyefiwa na mama. Miezi ya mwisho hakuweza kusema. Mwanamke ambaye maneno yake machache yalifungua na kufunga masanduku alikuwa ananiashiria kwa mkono kwamba anataka maji. Tulimzika watu wakipepeta ulezi.

Kuna watu kanisani wananiambia hasira ni dhambi, Mama Tusekile, iache. Nawaambia dhambi nitaijibu mbele ya Mungu mwenyewe. Lakini wasiniombe nisimulie habari hii huku nikitabasamu.

Sikujua kazi nyingine. Mimi na Agnesi tulianza kuviringisha chumbani mwake, baadaye kwenye kibanda chetu kando ya barabara kuu hapa Tunduma. Tulinunua majani Momba, tukayalundika, tukangoja mvua zikatike kama alivyosema. Madereva wa malori walisimama, Wabemba wakiniita mayo, yaani mama, wakiomba fwaka, ndiyo tumbaku kwa lugha yao, wakinunua kwa urefu na unene kuliko kwa ladha, na mmoja alikuwa anazitafuna kama muwa, hatukuwahi kujua kwa nini. Sharti langu lilikuwa moja, na wanawake wote waliofanya kazi kwangu walilijua: hakuna anayeonja kila siku, na mwenye kidonda kinywani, hata cha kujiuma, haonji kabisa. Tulihukumu kwa vidole na pua. Kwa fungu zima tuliwasha sigaa moja tu, tukaipokezana, kila mtu mvuto mmoja. Tulikosea mara nyingine, tukarudishiwa sigaa, tukaviringisha upya. Afadhali kukosea tumbaku kuliko kumkosea mtu. Niliiacha kazi hiyo sigara za kiwandani zilipojaa kila duka na kila mtu akataka kitu chenye karatasi na pakiti.

Kabla sijaiacha, karibu na mwisho wa utawala wa Wazungu, gari lilisimama mbele ya kibanda likitokea Mbozi, limefungwa masanduku hadi juu ya paa. Bwana Miwani alikuwa kwenye usukani. Alikuwa amezeeka, miwani ikiwa minene zaidi. Alikuwa anahama kwenda kusini. Alitazama sigaa zilizopangwa juu ya ubao, akanyoosha mkono dirishani akachukua moja, akaibana kutoka mguuni mpaka kichwani, vizuri kabisa.

"Nani amefundisha wewe?" akauliza. Hakunijua.

"Bibi Nambeye."

Alifikiri. Kisha uso ukamfunguka kama mtu aliyekumbushwa wimbo. "Ah, yule bibi. Yuko?"

"Alikufa kwa ule mdomo."

"Pole," akasema. "Alikuwa na mdomo mzuri sana."

Nilimnyang'anya ile sigaa mkononi. Nikamwambia hapa hauziwi. Nikamwambia na mengine, nimeshika mlango wa gari lake, malori yakipiga honi nyuma: kidonda, chumvi, ulezi ulioachwa shambani, kamera ya memsahibu. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye usukani, akitazama mbele kwenye kizuizi cha mpaka. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikujua."

"Ulijua," nikamwambia.

Akatia gia akaondoka. Agnesi alitoka ndani akanishika bega akisema nikae, kuna oda ya dereva inangoja. Nilikaa, nikachukua jani, nikaliweka chini. Siku ile sikuviringisha tena. Mkono wenye hasira unakaza mno, na sigaa iliyokazwa haipitishi moshi. Nilikaa mlangoni nikalitazama vumbi la gari lake likivuka kwenda upande wa pili, mpaka nalo likatulia.